Makofi ya Nini, Jamani?

Najua nimepotea. Wiki mbili sijaandika kitu humu, na wapo walioanza kunong'ona kwamba nimedisko. Sijadisko, nipo. Nilikuwa napambana na majaribio matatu ndani ya siku nne, halafu mfuko nao ukakauka, maana boom bado tunalisikia kwenye tetesi tu. Leo ni Jumapili. Nimefua, nimekula ugali dagaa kwa mama lishe nyuma ya mabweni, nimejikalia zangu kwenye kimbweta chini ya mwembe. Nina hasira kidogo, na leo ni ndefu, kwa hiyo mwenye haraka apite, tutaonana siku nyingine.

Hasira yenyewe ni ya makofi. Ndiyo, makofi, haya ya viganja viwili. Msicheke kwanza.

Turudi nyuma kidogo kwa wale ambao hawakuwepo. Jumatano ya wiki iliyopita tuliitwa bwaloni kwenye kikao cha wanafunzi na uongozi. Kikao cha saa 8 mchana kikaanza saa 9 na nusu, kama kawaida yetu. Mgeni aliingia na msafara wake, kila mmoja na chupa yake ya maji. Sitamtaja jina wala cheo, na chuo chenyewe siandiki, wanaojua wanajua. MC alikuwa mwenzetu wa mwaka wa tatu, yule anayesherehesha sendofu na vipaimara mjini kila wikiendi. Mcheshi, mtu wa watu, binafsi nampenda. Lakini siku ile alitumaliza.

Nilianza kuhesabu kwa utani tu, naweka vijiti pembeni ya daftari. Makofi kwa mgeni kuingia. Makofi kwa mgeni kukaa. Makofi kwa kuwa ameacha shughuli zake nyingi akaja kwetu. Makofi kwa waliopanga viti. Halafu ikaja ile ambayo huwa inanimaliza kabisa: "Hebu na nyinyi jipigieni makofi!" Tukajipigia. Mpaka tunatoka nilikuwa na vijiti 19, kikao cha saa moja na kitu.

Kijiti cha 11 ndicho kilichonileta hapa. Mgeni alisoma kwenye karatasi kwamba maktaba, ambayo ilikuwa inafungwa saa 5 usiku, kuanzia Jumatatu itafungwa saa 2 usiku. Sababu: kupisha ukarabati wa nyaya za umeme. Akaongeza, "kwa muda". Kabla hatujameza hilo, MC akadaka kipaza sauti: "Jamani, mnaona tunavyojaliwa? Tunatengenezewa maktaba! Makofi ya nguvu!" Na sisi bwalo zima, paa paa paa. Tumeambiwa tunapunguziwa saa tatu za kusoma kila usiku, wiki tano kabla ya mitihani, na tumeshangilia kama timu yetu imefunga bao.

Kijiti cha 12 ni kibaya zaidi. Dada mmoja wa mwaka wa pili alinyoosha mkono, akapewa kipaza sauti, akauliza swali la maneno matano: "Kwa muda ni mpaka lini?" Basi. Hakutukana, hakupiga kelele. Mgeni akatazama karatasi yake, akaigeuza upande wa pili, akairudisha. Pale ndipo MC akamwokoa: "Swali zuri sana hilo! Hebu tumpigieni makofi dada yetu!" Tukapiga. Dada akabaki amesimama, anasubiri jibu. Tukaendelea kupiga. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaona watu wanamtabasamia huku wanapiga, akakaa. Alipokaa tu makofi yakakoma, na MC akatangaza kwamba muda umetutupa mkono.

Sasa naomba niseme ukweli wangu kabla sijaendelea kunyooshea watu vidole. Mimi nilipiga. Kijiti cha 11 nilipiga, kijiti cha 12 nilipiga, tena kwa nguvu. Unajua kwa nini? Nilikuwa na njaa, na nilijua makofi yakiisha upesi tunatoka upesi. Hiyo tu. Nimemkalisha binadamu mwenzangu mwenye swali la haki kwa sababu ya sahani ya wali.

Ijumaa muhtasari wa kikao ukabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Nenda kausome, bado upo. Kipengele cha maktaba kina mistari miwili, na wa pili unasema wajumbe waliafiki kwa makofi. Swali la dada halimo. Jina lake halimo. Viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi walipokwenda ofisini kuuliza, walijibiwa kwa upole kabisa: "Si mliafiki wenyewe? Tena kwa makofi." Wakarudi.

Hapo ndipo nilipokaa nikaacha kucheka. Kumbe siku zote nilidhani makofi ni kelele tu za kupamba kikao. Kumbe makofi ni sahihi. Unatia sahihi kwa viganja, na karatasi hujaisoma.

Dada yule anaishi mtaani, si bwenini. Amepanga chumba na wenzake wawili, taa moja, na luku ikiisha inabaki hivyo mpaka mtu apate hela. Alikuwa anasoma maktaba mpaka saa 5, kisha wanatoka kwa kundi. Siku hizi ukipita ngazi za bweni la wasichana saa 3 usiku utamkuta amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, kitabu magotini, chini ya taa ya korido, na kila anayepanda ngazi lazima asogee ampishe. Nilipita juzi. Alinisalimia vizuri tu, akauliza kozi weki zinaendaje. Mimi ndiye niliyeshindwa kumtazama.

Kiswahili chetu hiki kina utani wake. Kumpiga mtu makofi ni kumzaba usoni. Kumpigia mtu makofi ni kumsifu. Tofauti ni silabi moja tu katikati. Siku ile tulipigwa makofi, na tukapiga makofi, kwa wakati mmoja. Na dada yule aliyepigiwa makofi, kusema kweli alipigwa.

Tujiulize tumefikaje hapa, maana hatukuzaliwa hivi. Mnakumbuka shule ya msingi? Mtoto anasimama, anajibu saba mara nane ni hamsini na sita, mwalimu anasema "mpigieni makofi matatu", darasa zima tunapiga, mtoto anakaa anang'aa kama sarafu mpya. Aliyejibu hamsini na nne hakupigiwa. Alikaa kimya, au alibaki amesimama mpaka apatikane wa kumwokoa. Kwa hiyo tangu darasa la kwanza tulifundishwa kitu sahihi kabisa: makofi ni alama ya vema, kitu kinachokuja baada ya jibu. Mwalimu hakuwahi kusema tumpigie makofi halafu ndipo ajibu. Huku chuo kikuu, tunapodhani tumeelimika, ndiko tunakopiga vema kwenye karatasi tupu.

Na nisiwaonee wanafunzi peke yetu. Ukitazama Bunge letu kwenye runinga utaona mbunge akisema jambo la kupendeza, wenzake wanagonga meza kwa viganja. Ukienda kusoma Hansard, ile taarifa rasmi ya majadiliano, pale pale mwisho wa sentensi utakuta neno limewekwa kwenye mabano: (Makofi). Wakati mwingine (Kicheko). Wakati mwingine vyote viwili kwa pamoja. Mtu akija kusoma miaka hamsini ijayo atajua kwamba hapa watu walifurahi. Lakini yule mbunge aliyekaa amekunja mikono, hajagonga kitu, ataandikwa wapi? Hakuna mabano ya mtu ambaye hakupiga. Makofi yanaandikika, kutopiga hakuandikiki. Angalau kule ikifika wakati wa kuamua, Spika huwahoji, wanaoafiki waseme ndiyo na wasioafiki waseme siyo. Hata kama ndiyo ndiyo hushinda mara nyingi, siyo imepewa nafasi yake. Bwaloni kwetu makofi ndiyo yaligeuzwa kura, na ni kura isiyo na upande wa pili. Utapigaje makofi ya kukataa?

Waingereza, ambao Bunge lao ni kongwe, wana mila ya kutopiga makofi ukumbini. Mwaka 2015 wabunge wapya wa chama cha SNP cha Uskoti walipompigia makofi kiongozi wao wa bungeni, Spika wa wakati huo John Bercow aliwakatiza akawaambia wafuate utaratibu wa nyumba. Wao wakifurahi wanapaza sauti tu kwamba msemaji asikilizwe. Sisemi tuige kila kitu cha Mwingereza, tumeshaiga vya kutosha. Nasema tu kwamba makofi si kitu cha asili kama kupiga chafya. Ni utaratibu, na utaratibu unaweza kukataliwa.

Nilikwenda maktaba kuchimba zaidi (kabla ya saa 2, teh teh). Kumbe ugonjwa huu ni mzee. Nero, yule kaisari wa Roma aliyetawala mwaka 54 mpaka 68, alikuwa anajiona mwimbaji. Mwandishi wa Kirumi Suetonius anasimulia kwamba Nero alikusanya vijana zaidi ya 5,000 wenye nguvu zao, wakagawanywa makundi na kufundishwa mitindo ya kupiga makofi. Kulikuwa na mtindo wa mvumo kama wa nyuki, na mingine miwili iliyopewa majina ya vigae na matofali. Kaisari akiimba, mlango umefungwa, hakuna kutoka. Suetonius anaongeza kwamba wapo waliojifanya wamekufa ili wabebwe nje kama maiti! Nilicheka peke yangu mpaka mtunza maktaba akanitazama. Kisha nikakumbuka kwamba Jumatano ile mlango wa bwalo ulikuwa wazi kabisa, na hakuna aliyetoka. Mrumi alijifanya maiti ili asipige. Sisi tulikuwa wazima, tukapiga.

Kuna mmoja ambaye nimempenda kwenye habari hiyo. Anaitwa Vespasian. Alifuatana na Nero kwenye safari yake ya Ugiriki, lakini kaisari akiimba yeye alikuwa ama anatoka nje ama anasinzia. Nero akachukia, akamfukuza kwenye msafara wake, mzee wa watu akaenda kujificha kijijini. Mwaka 69 aliyesinzia ndiye aliyekuwa kaisari. Na wale 5,000 wa mtindo wa nyuki? Hakuna anayewajua hata mmoja kwa jina.

Wafaransa wao waliifanya biashara. Paris ya karne ya 19, kwenye majumba ya michezo ya kuigiza na opera, kulikuwa na kundi la kukodi linaloitwa claque. Lilikuwa na mkuu wake, na kazi zimegawanywa. Wapo wa kucheka kwenye vichekesho. Wapo wa kulia, hao hasa wanawake wenye leso tayari mkononi. Wapo wa kupiga kelele kwamba irudiwe. Wapo wa kumgusa jirani na kumwambia "sikiliza hapa, hapa ni patamu". Mwenye jumba analipa, wanafanya kazi, wanakwenda zao. Sasa nawauliza, kati ya wale na sisi nani ana akili? Wale walilipwa. Sisi tumewapigia bure, tena tumepoteza na maktaba.

Kuna hadithi nyingine haichekeshi. Aleksandr Solzhenitsyn, kwenye kitabu chake kikubwa kuhusu kambi za wafungwa za Urusi ya Kisovieti, anaeleza mkutano mmoja wa chama katika wilaya ya mkoa wa Moscow, enzi za Stalin. Mwisho wa mkutano ukatolewa wito wa kumpongeza Stalin. Watu wakasimama, wakapiga makofi. Dakika tatu, nne, tano. Mikono inauma, wazee wanahema, lakini nani atakuwa wa kwanza kuacha? Stalin mwenyewe hayupo ukumbini. Dakika ya 11 mkurugenzi wa kiwanda cha karatasi akakaa. Papo hapo ukumbi mzima ukakaa, watu wakapumua. Usiku ule ule mkurugenzi akakamatwa, akapewa miaka 10 kwa kosa jingine la kutafutiwa. Na aliyemhoji alimshauri asije akawa wa kwanza tena kuacha kupiga makofi.

Najua mtaniambia natia chumvi, maktaba yetu na Stalin wapi na wapi. Kweli, haviko sawa, nashukuru Mungu haviko sawa. Ndiyo maana nashangaa zaidi. Watu wale walikuwa na kifungo mbele yao. Sisi mbele yetu kulikuwa na nini? Kijana wa mwaka wa tatu mwenye kipaza sauti na koti la kung'aa. Hakuna ambaye angekamatwa. Tuliogopa nini basi?

Nadhani tuliogopana. Na hili nalo limepimwa. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Richard Mann wa chuo kikuu cha Uppsala, Sweden, walitoa matokeo baada ya kurekodi makundi ya wanafunzi, wanafunzi kama sisi, wakisikiliza wenzao wakiwasilisha mada. Waligundua kwamba makofi huambukiza kama mafua. Mtu huanza kupiga kadiri anavyosikia wengi ukumbini wameshaanza, na huacha kadiri wengi wanavyoacha. Urefu wa makofi unaweza kutofautiana sana hata pale mada zisipotofautiana kwa ubora. Yaani muda wa makofi haukuwa kipimo cha uzuri wa kilichosemwa. Walikuwa wanajibizana wao kwa wao, msemaji alikuwa kisingizio.

Sasa fikiria mtu ofisini anachukua kitu hicho, mafua hayo, anaandika kwenye muhtasari kwamba "waliafiki".

Najua yanayokuja. Rumeti wangu ameshanianza tangu asubuhi. Anasema, "Wewe nawe, makofi ni adabu tu. Mgeni ni wetu, tumkaribishe vizuri. Kwani yanakugharimu nini?" Ni hoja nzuri, naijibu. Mgeni kumkaribisha ni wajibu, hilo sibishi hata kidogo, na wa kwetu nyumbani wangenichapa nikisema vinginevyo. Makofi ya kumwingiza mgeni nitapiga, kijiti cha kwanza sina ugomvi nacho. Lakini adabu ya kumkaribisha mgeni haijawahi kuwa ruhusa ya mgeni kuondoka na godoro. Akishaanza kuzungumzia maktaba yangu tumeshatoka kwenye salamu, tumeingia kwenye mambo. Na kwenye mambo, adabu ni kusikiliza, kuuliza, na kujibiwa.

Tena hilo swali la "yanakugharimu nini" ndilo lenyewe. Hayagharimu kitu, na ndiyo maana hayana thamani. Nimelelewa Tanga, nimekulia kwenye taarabu za harusi. Mle mtu akiguswa na wimbo hasubiri MC. Anainuka kwenye kiti, na gauni lake na marashi yake, anatembea taratibu mpaka mbele, noti mkononi, anamtunza mwimbaji. Ukumbi mzima umemwona nani kainuka, na kainuka kwenye ubeti upi. Kesho mtaani wataulizana ule ubeti alikuwa anamtumia nani. Kule kuridhika kwako unakulipia kwa hela yako, na unakubeba kwa jina lako. Kuna shangazi yangu mmoja hakuinuka harusi nzima, wala hakuona haya. Aliulizwa, akasema mwimbaji leo hajanigusa. Basi yakaisha. Hakuna aliyemwita mkorofi.

Angalia pia wenzetu viziwi hapa chuoni. Wao hawapigi viganja. Wanainua mikono juu, wanaitikisa vidole vimekunjuka. Jambo moja nimeligundua kwao: ukumbi ukifanya vile, unaona. Unaona nani kainua na nani kaweka mikono magotini. Makofi ya sauti yanatuficha. Wakipiga mia mbili na hamsini wakanyamaza, masikio yanasikia wote wamepiga. Dada yule alipotazama kushoto na kulia hakuweza kujua kwamba wapo waliokuwa hawapigi. Labda walikuwepo. Labda nawe ulikuwa mmoja wao, na nakuheshimu, lakini kimya chako kilimezwa.

Na msidhani ugonjwa huu umebaki bwaloni. Fungua kundi la darasa kwenye WhatsApp. CR akitangaza kwamba jaribio limeletwa mbele kwa siku nne, chini yake kunaota vile viganja vya njano, kumi, ishirini, thelathini. Jaribio limeletwa mbele! Mtu hajasoma sura hata moja, anabonyeza viganja. Nilimuuliza mmoja kwa nini, akasema, "Nilikuwa namwonyesha tu kwamba nimeona." Kaka, kuona na kukubali ni vitu viwili. Ukiona, andika nimeona.

Sisemi tuache makofi. Mimi si mtu wa kununa. Mahafali yakifika na yule mama aliyetoka kijijini na khanga yake mpya asipige vigelegele jina la mwanawe likitajwa, basi tumefunga chuo bure. Eti huwa tunatangaziwa tusubiri wote waishe ndipo tushangilie kwa pamoja. Mama hajali, anapiga pale pale, na anajua anampigia nani na kwa nini. Yule ndiye mwalimu wangu. Makofi yake yana anwani.

Ninachosema ni hiki, na naomba mkichukue muende nacho vyumbani. Kikao kingine kimetangazwa Alhamisi ijayo, saa 8 mchana, bwalo lile lile. Muhtasari wa Jumatano utasomwa ili uthibitishwe. Kwa waliozoea kusinzia hapo, hicho ndicho kipengele muhimu kuliko vyote, kwa sababu ukishathibitishwa ndiyo imetoka. Basi tufanye mambo matatu, hayahitaji maandamano wala kutukanana.

La kwanza, mtu akiuliza swali, viganja vikae magotini mpaka jibu litoke. MC akisema tumpigie makofi muuliza swali, tusipige. Atapata taabu kidogo, atakohoa, atacheka peke yake. Haitamuua. Kimya kile ndicho kitakachomlazimisha mwenye jibu alitoe.

La pili, kipengele cha maktaba kikisomwa, mmoja wetu asimame aombe neno "makofi" lifutwe na jambo lipigiwe kura. Wanaoafiki wanyooshe mikono, wahesabiwe. Wasioafiki wanyooshe, wahesabiwe. Namba zote mbili ziandikwe. Ikitokea wengi wenu kweli mnataka maktaba ifungwe saa 2, sawa, nitanyamaza na nitanunua mshumaa. Lakini nataka niione namba.

La tatu, swali la dada lirudi. Maneno yale yale matano. Na safari hii asiulize yeye. Yeye ameshauliza, alilipia kwa kusimama peke yake mbele ya watu mia tatu wanaomtabasamia. Nitauliza mimi. Nimeshamwambia jana pale ngazini. Nilitegemea angefurahi. Alifunga kitabu kwa kidole katikati, akanitazama, akasema, "Sawa. Ila wakianza kukupigia makofi, wewe usikae."

Hilo tu ndilo alilosema, kisha akafungua kitabu. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Kusema kweli naogopa, maana najua MC atasema swali zuri sana, na najua nusu ya bwalo mikono itaanza kujiinua yenyewe, kama ilivyojiinua ya kwangu. Ndiyo maana nimeandika. Ili Alhamisi nikisimama, mkisikia "tumpigieni makofi", angalau nyinyi mnaosoma hapa mjue kwamba nimewaomba msinipigie.

Haya, jua linazama na kimbweta hiki hakina taa. Maktaba ya Jumapili haifunguliwi, hiyo ni hadithi nyingine. Njooni kwenye maoni mnipinge, mnirushie mawe, mniambie nimekosea wapi. Makofi tu ndiyo sitaki.

Nawakilisha.